MOTOKAA KUUKUU: INUNULIWE AU IACHWE?

Katika barua ninazopokea kutoka kwa ndugu tuliosoma pamoja, swali moja halikosi kurudi: "Nimepata motokaa ya zamani, ya gia za mkono, bei yake nafuu. Ninunue?" Nimeona ni heri nijibu mara moja katika gazeti letu, ili na ninyi wanafunzi mlio darasani mpate somo la hesabu na la fizikia kwa pamoja. Mfano nitakaoutumia ni wangu mwenyewe, maana shauri hili lilinikabili mwaka jana hapa Kigali.

Kwanza yafaa mjue kwa nini motokaa kuukuu haziuzwi kwa bei ya kutupa katika mji huu. Sisi hupita upande wa kulia wa barabara, na usukani hukaa kushoto. Majirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Basi zile motokaa zilizotumika Japani, zishushwazo kwa wingi Mombasa na Dar es Salaam, usukani wake uko upande usiotufaa. Zetu hutoka Ulaya, na Ghuba, na kwingine wapitako kulia, kisha husafiri toka bandarini zaidi ya kilomita 1,000, na ushuru juu yake. Mtu akiisha kuleta motokaa kwa gharama hiyo haiachi upesi. Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imekataza kuingiza zilizopita miaka 15; lakini ile iliyokwisha kuwamo nchini huzeeka humo humo. Ndiyo maana hapa utaona Corolla iliyotengenezwa kabla dereva wake hajazaliwa, nayo ingali ikipanda milima.

Corolla ya namna hiyo ndiyo niliyoonyeshwa, ya mwaka 1997. Mwenyewe alitaka faranga 3,200,000. Mimi nilikuwa na 3,500,000, akiba ya miaka minne. Haja yangu haikuwa fahari. Mama yangu, mwenye miaka 74, anakaa wilaya ya Rulindo, upande wa Nyirangarama, na moyo wake ni mgonjwa. Daktari wa Kigali humwona mara mbili kwa mwezi. Basi humchosha, pikipiki haiwezi, na gari la kukodi pamoja na dereva wake lilinigharimu faranga 60,000 kila safari.

Sasa chukueni kalamu. Kukodi mara mbili kwa mwezi ni faranga 120,000. Safari ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 110, hivyo kwa mwezi ni 220. Motokaa ile hunywa lita 9 kwa kila kilomita 100, yaani karibu lita 20. Bei ya petroli hupangwa upya kila miezi miwili, lakini tuseme lita ni faranga 1,900: jumla 38,000. Toa katika 120,000, zitabaki 82,000 kwa mwezi, au 984,000 kwa mwaka. Wengi hukomea hapo, wakatia fedha mfukoni na kwenda kununua.

Lakini tuendelee. Bima, 200,000. Mipira minne, 240,000, maana ile ya zamani ilikuwa imekwisha. Oili na chujio mara mbili, 100,000. Ukaguzi na karatasi zake, 40,000. Klachi na ujira wa fundi, 250,000; hiyo nitaieleza hivi punde. Jumla ni 830,000. Basi faida yangu ya mwaka wa kwanza si 984,000 bali 154,000 tu, tena kabla jambo lolote lisilotazamiwa halijavunjika. Na katika motokaa ya umri ule, jambo lisilotazamiwa lazima lije. Kisichojulikana ni mwezi wake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali si bei ya motokaa, bali ni fedha gani zitakazobaki nikiisha kuinunua. Nikitoa 3,200,000 nitabakiwa na 300,000. Rejeta ikipasuka mwezi wa pili, motokaa italala uani, nami nitarudi kukodi gari la watu huku nimefilisika. Nikajiwekea mpaka: baada ya kununua, zisipungue faranga 700,000 mkononi. Bei kubwa niwezayo kutoa ni 2,800,000, si zaidi hata kwa faranga moja.

Kisha nilikwenda kuitazama, pamoja na fundi wangu kutoka Gatsata, ng'ambo ya Nyabugogo, mahali pajulikanapo kwa gereji na vipuri. Alinionya tufike asubuhi mapema bila kupiga simu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi mengi, na muuzaji mjanja huiwasha kabla ya mgeni kufika. Tulipoiwasha tulisimama nyuma tukautazama moshi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua ndani. Mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mwaka 2025 Rwanda ilianza kupima moshi kwa chombo wakati wa ukaguzi, kwa hiyo moshi mbaya sasa ni hasara mara mbili. Wa Corolla ile ulikuwa mwembamba, ukatoweka. Chini ya kifuniko cha oili hakukuwa na utando mweupe kama maziwa, na hilo lilitufurahisha, kwani utando ule huonyesha maji yamechanganyika na oili.

Sasa klachi. Ni sahani inayobanwa kati ya injini na giaboksi. Ukikanyaga pedali zinaachana, ukiachilia zinashikana. Zisiposhikana barabara, sahani huteleza, hupata moto, na kuisha. Mji wenu ukiwa tambarare, klachi huishi maisha marefu. Kigali ni vilima vitupu, na madereva wengi huizuia motokaa mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono. Fundi alivuta breki ya mkono, akaweka gia ya tatu, akaachilia klachi polepole huku akikanyaga mafuta kidogo. Klachi nzima huizima injini papo hapo. Hii iliendelea kunguruma kwanza, ndipo ikazima.

"Mzee," fundi akamwambia mwenye motokaa, "sahani imekwisha."

"Inapanda vizuri," akajibu.

"Basi tuipandishe Shyorongi."

Tulitoka Nyabugogo tukaupanda mlima ule wa barabara ya Musanze. Katikati, injini iliongeza kelele lakini mwendo haukuongezeka, na harufu kama ya kitambaa kinachoungua ikaingia ndani. Mwenyewe hakubishana tena. Wakati wa kuteremka niliweka gia ya pili, nayo ikaishika motokaa bila kutegemea breki tu. Hii ndiyo sababu yangu ya kupenda gia za mkono milimani: breki zikitumika mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, ila gia ndogo huifanya injini yenyewe kuwa breki. Na ikiharibika klachi, fundi yeyote wa Gatsata aweza kuifungua. Giaboksi ya otomatiki iliyozeeka ni jambo jingine. Mafundi waijuao vema ni wachache.

Nilikuwa na hofu ya karatasi kuliko ya klachi. Nililinganisha namba ya chasisi na ile iliyoandikwa katika kadi ya njano, tarakimu kwa tarakimu, nikahakikisha jina la kwenye kadi ni la huyo mzee mwenyewe. Motokaa ya mtu wa tatu, hata iwe kama mpya, sikuitaka. Nikamwambia fedha zitatoka siku ile ile umiliki utakapohamishiwa jina langu katika Mamlaka ya Mapato, si siku moja mbele.

Nikamtajia 2,600,000, nikamwonyesha hesabu ya klachi na mipira. Akakataa. Juma moja likapita, naye akanipigia simu akitaka 2,900,000. Nikamjibu kwa heshima kwamba mwisho wangu ni 2,800,000. Siku mbili baadaye tukakutana kwenye karatasi. Mama hakupanda mpaka klachi ilipobadilishwa, maana sikutaka kukwama Shyorongi usiku naye yumo ndani. Mpaka leo amekwisha kwenda kwa daktari mara 19 katika motokaa ile.

Wanafunzi nawaachia zoezi. Kama gari la kukodi lingekuwa faranga 45,000 kwa safari, na mambo mengine yote yakabaki vile vile, mwaka wangu wa kwanza ungekuwa wa faida au wa hasara, na kiasi gani? Jibu langu ni hasara ya faranga 206,000. Onyesheni njia.