Kesho Utampata Wapi? Kijitabu cha Mnunuzi wa Mtandaoni, Karen na Viunga Vyake

Wauza miche wa kando ya Ngong Road wengi hawana tovuti, na wengine hawana hata kibao chenye jina. Mkazi wa Karen, kitongoji cha Nairobi, hushuka garini, akachagua miche yake, akalipa kwa M-Pesa na kuagiza iliyobaki iletwe Jumamosi. Hana wasiwasi, maana kesho akipita atamkuta muuzaji palepale. Usiku, mkazi huyohuyo anaweza kumtumia mtu asiyemjua maelfu ya shilingi kwa nyumba ambayo hajaliona hata geti lake.

Macho hutangulia

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichambua maoni ya watu 2,684 kuhusu tovuti walizoziamini na wasizoziamini. Asilimia 46.1 ya maoni yaligusia sura ya tovuti: rangi, mpangilio, maandishi. Mmiliki wake ni nani halikuwa jambo lililowashughulisha sana. Na siku hizo tovuti nzuri ilikuwa ghali kuitengeneza. Leo kijana mwenye bando hununua iliyokwisha kupangwa na kuiweka hewani kabla ya chakula cha mchana.

Kufuli dogo kando ya anwani nalo husomwa vibaya. Linasema kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hayasikilizwi na mtu wa kando. Halisemi unaongea na mwaminifu. Tangu 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti vya kufuli hilo bila malipo kwa yeyote mwenye tovuti, tapeli akiwemo. Anwani inayoishia na .go.ke ni ya serikali; .co.ke hununuliwa na mtu yeyote.

Halafu kuna jina lenyewe, Karen. Tangazo likisema "Karen, karibu na The Hub", msomaji hujazia mwenyewe ua la michongoma, nyasi zilizokatwa na mwenye nyumba mstaarabu. Tapeli hahitaji kuongeza neno.

Nyumba ya Bogani Road

Tuseme umeona nyumba ya kupanga Bogani Road, vyumba vitatu, kwa kodi ya chumba kimoja Lang'ata. Ukipiga simu, sauti ya upole inakwambia mwenye nyumba yuko ng'ambo, watu wanne wameshaulizia leo, na ada ndogo ya kwenda kuiona itarudishwa ukikosa kuipenda. Usibishane naye. Rudi kwenye picha za tangazo.

Tazama soketi ukutani. Kenya tunatumia plagi ya miguu mitatu bapa. Picha ikionyesha soketi ya matundu mawili ya duara, jiko hilo huenda liko nchi nyingine kabisa. Ipitishe picha kwenye Google Lens uone kama imeshatumika kwingine. Kwenye Facebook, fungua sehemu inayoeleza historia ya ukurasa: utaona ulifunguliwa lini na uliwahi kuitwa nani. Duka la samani ambalo mwaka jana lilikuwa ukurasa wa vichekesho lina maswali ya kujibu.

Kisha nenda mwenyewe. Askari wa geti jirani anajua mengi kuliko tangazo lolote. Anayejiita wakala, muulize usajili wake: Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inamtaka asajiliwe na bodi. Kampuni itafute kupitia eCitizen, kwenye huduma ya usajili wa biashara, nawe uombe taarifa za wakurugenzi wake. Cheti ulichotumiwa kwa WhatsApp ni picha tu, na picha hutengenezwa.

Jina linalotokea kwenye simu

Unapolipa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hujitokeza muamala ukiwa bado haujakamilika. Hapo ndipo wengi huharakisha kidole, na ni hapo tunapokuomba usimame. Tangazo ni la kampuni, jina ni la mtu: kwa nini? Jibu linaweza kuwa la haki kabisa. Wapo akina mama wanaooka keki Karen na kuuza Instagram kwa laini zao wenyewe, nao hawajamdhulumu mtu. Tofauti ni kwamba mama huyo atakutajia mahali alipo na atakubali ulipe keki ikifika. Anayekukataza usione mali, usije, wala usilipe wakati wa kupokea, anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama namba yake ya till ina jina la kupendeza.

Sifa za wateja zisikutie haraka. Kumi zilizoandikwa wiki moja, zote zikishangilia kwa maneno yaleyale, zina uzito mdogo kuliko lalamiko moja lililojibiwa kwa utulivu.

Ukishatuma

Sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo kuomba urejeshewe. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi. Namba ya tapeli iripoti kwa Safaricom kupitia 333. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe taarifa na uondoke na namba ya OB (kitabu cha matukio). Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kwa hiyo usikubali kuambiwa ulijitakia.

Na kabla hujamtukana kwenye WhatsApp, piga picha ya skrini ya mazungumzo yote, namba yake ikionekana. Akishasoma matusi atakublock, na ujumbe alioutuma ataanza kuufuta mmoja mmoja.