Somo: Kumlinda Mtoto ni Sehemu ya Utumishi

Katika karne ya 19, watoto waliotekwa bara walipitishwa Tabora, kituo kikuu cha misafara, hadi Bagamoyo na soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Walipita mbele ya macho ya wengi, wala hapakuwa na ofisi ya kuwapokea.

Leo ofisi zipo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inazipa halmashauri, ikiwemo ya Tabora, wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2011.

Watumishi na wananchi wanakumbushwa: amwonaye mtoto akisafirishwa na mtu asiyeweza kueleza uhusiano wao, asingoje ushahidi kamili. Amjulishe ofisa ustawi wa jamii au polisi mara moja. Anayenyamaza huuachia msafara upite.