Jina la Tatu Halitakufikisha kwa Babu wa Babu

Maji yaliyo kati ya kisiwa cha Ukerewe na fukwe za Magu na Bunda yanaitwa Ghuba ya Speke. Ni jina la ukoo la Mwingereza John Hanning Speke, aliyeliona Ziwa Victoria akiwa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Baba yake aliitwa William Speke. Huko kwao majina ya ukoo yalianza kushika baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na tangu 1538 parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Anayetafuta mababu hufuata jina moja kitabuni, kizazi hadi kizazi.

Ukifanya hivyo Usukumani utapotea. Chukua mtu anayeitwa Mabula Masanja Shija: Masanja ni baba, Shija ni babu. Mwanawe ataandikwa Kulwa Mabula Masanja, na hapo Shija ameshatoweka kwenye karatasi. Jina la tatu kwetu ni la mtu, si la ukoo. Tena majina mengi hutokana na kuzaliwa: Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata, Bujiku kazaliwa usiku. Akina Shija wawili wakikutana sokoni Kirumba hawana sababu ya kuitana ndugu, kama ambavyo akina Smith wa Uingereza, ambao jina lao ni la uhunzi tu, si wote wa damu moja.

Kwa hiyo fuata mtu, usifuate jina. Anza na wazee, na uwaulize mambo matatu: baba yake nani, alitokea kijiji gani, na ukoo wake ni upi. Swali la ukoo ndilo watu husahau, nalo ndilo lenye uzito. Ukerewe, kwa mfano, Abasilanga walikuwa ukoo wa watawala, lakini huwezi kuliona hilo kwenye kitambulisho cha mtu.

Wazee wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, basi nenda parokiani. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa na White Fathers mwaka 1883, na kitabu cha ubatizo kwa kawaida hutaja wazazi na msimamizi. Omba kwa adabu ofisini kwa paroko, ukiwa na mwaka wa kukisia. Tafuta kwa tahajia zaidi ya moja: Ng'wana huandikwa pia Mwana, na Kashindye huwa Kashinje. Ukitaka kujua utemi wa kijiji chenu, makumbusho ya Bujora, Kisesa, yapo kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini.

Kuna wanaoamua kuchagua jina la babu mmoja libaki la familia nzima. Mimi naona ni jambo jema, mradi lifanywe mapema. Mkikubaliana, liandikeni kwa herufi zilezile kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA kwa kila mtoto, kabla hajaanza shule. Aliyekwisha kupata vyeti vya shule kwa jina jingine atahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndipo apeleke marekebisho NIDA.