Kabla ya Kutia Saini Leseni ya Hataza: Somo kwa Kampuni Ndogo za Bioteknolojia

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ili kwa miaka 20, kuanzia siku alipowasilisha ombi lake, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi huo bila idhini. Idhini hiyo ikiandikwa kwa masharti huitwa leseni.

Leseni huiwezesha kampuni isiyo na maabara kubwa kuingia sokoni. Mfano ni BIOFIX, bakteria wanaopakwa kwenye mbegu za jamii ya kunde. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kampuni ya MEA ikapewa leseni ya kuitengeneza na kuiuza.

Tuseme vijana wa Bumala wanataka leseni ya kutengeneza mbolea ya bakteria kwa wakulima wa soya. Kabla ya kutia saini, wachunguze mambo manne.

1. Mipaka. Hataza hulinda uvumbuzi katika nchi inakotambuliwa tu. Leseni inayotaja Kenya pekee haiwapi ruhusa ya kutengeneza bidhaa hiyo Tororo iwapo hataza inatambuliwa Uganda pia. Kenya na Uganda zote ni wanachama wa ARIPO, shirika la haki miliki lililoko Harare, na ombi moja huko laweza kuzihusu nchi zote mbili. Anayelenga wateja wa ng'ambo ya mpaka ahakikishe Uganda imetajwa kwenye mkataba.

2. Malipo ya chini. Tuseme mkataba unadai asilimia 5 ya mauzo, lakini si chini ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Mvua ikikosekana na mauzo yawe shilingi milioni 2, asilimia 5 ni shilingi 100,000. Hata hivyo, kampuni italazimika kuongeza 200,000. Ombeni kiwango cha chini kianze baada ya miaka ya mwanzo.

3. Maboresho. Vijana wakigundua namna ya kuwahifadhi bakteria hai kwenye joto letu, ugunduzi huo utakuwa wa nani? Mikataba mingine humpa mwenye hataza kila boresho bila malipo. Sharti hilo lijadiliwe mapema.

4. Mwenye mali. Hakikisheni anayewapa leseni ndiye mmiliki, na kama wapo wamiliki wenza. Mwaka 2000 ulizuka mzozo kuhusu utafiti wa chanjo ya Ukimwi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na washirika wa Oxford, kwa sababu ombi la hataza liliwasilishwa bila kuwatambua Wakenya. Baadaye pande hizo zilikubaliana kumiliki kwa pamoja. Chuo kikuu kilikuwa na nguvu ya kudai haki yake; kampuni ndogo huenda isiwe na fedha za kesi ndefu.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inataka mkataba wa leseni uwasilishwe kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI) ili usajiliwe. Katika taasisi hiyo mnaweza pia kuuliza kama hataza bado ni hai, kwa kuwa isipolipiwa ada ya kila mwaka hufa kabla ya miaka 20.

Zoezi: Chukua mkataba wowote ulio nao. Tafuta nchi zilizotajwa, malipo ya chini, mmiliki wa maboresho na njia ya kujitoa. Pasipoeleweka, mwone wakili kabla ya kalamu kugusa karatasi.