Unga wa mlonge na homoni

Swali: Daktari, hapa Voi tunauziwa unga wa majani ya mlonge. Muuzaji anasema una antioksidanti nyingi, hauna madhara. Natumia vidonge vya kupanga uzazi. Je, unaweza kuvuruga homoni zangu? – Msomaji, Voi

Jibu: Umefanya vyema kuuliza, dada. Wingi wa antioksidanti hauthibitishi kwamba kitu hakigusi homoni: genisteini ya soya ni antioksidanti, na papo hapo huiga estrojeni kwa kiasi. Ndiyo maana dondoo la mmea hupimwa. Maabara huanza na seli zenye kipokezi cha estrojeni. Kisha panya jike wachanga, ambao hawajapevuka, hupewa dondoo kwa siku 3 au zaidi, na uterasi zao hupimwa uzito. Zikizidi za wenzao wasiopewa, dondoo hilo linaiga estrojeni.

Kwa mlonge, sehemu ya mti ni muhimu mno. Dondoo la mizizi lilizuia mimba ya panya katika utafiti wa India uliochapishwa 1988. Majani ni mboga, nami siyaogopi sufuriani. Kumeza vijiko vya unga kila siku ni jambo jingine. Usiache vidonge vyako. Mpelekee mfamasia wa Hospitali ya Moi, Voi, pakiti hiyo aikague, na ukiwa mjamzito usiguse mizizi.