Lami Si Mtaa: Kununua Nyumba Misigiri kwa Fedha ya Kuhesabu

Dalali wa njia panda huanzia barabarani. Ukishuka kwenye basi Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, hujamaliza kunyoosha miguu naye ameshakuonyesha kiwanja "kinachogusa lami". Atakwambia malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa usiku na mchana, na ni kweli. Hatakwambia kwamba malori hayohayo ndiyo yatakayokuamsha saa tisa usiku.

Makala haya ni ya mtu mwenye fedha ya kuhesabu: mwalimu, muuguzi, fundi pikipiki, mkulima aliyeuza alizeti yake vizuri na sasa anataka kuondoka kwenye nyumba ya kupanga. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja. Njia panda huuza biashara, haiuzi usingizi. Kama unatafuta mahali pa kuishi na si pa kufungua duka, rudi nyuma ya lami, na fedha utakayookoa itumie kwenye vitu vitatu vinavyogeuza ardhi kuwa makazi: maji, njia na karatasi.

1. Gawa fedha kabla hujaona kiwanja

Tuseme una Sh milioni 10. Ukitafuta cha milioni 10, umeshapungukiwa. Kuna mpima, kuna gharama za hati, kuna ushuru wa stempu ambao ni karibu asilimia 1 ya bei, kuna umeme, maji na shimo la choo. Mimi hushauri bei ya kununulia isizidi saba katika kila kumi. Milioni tatu zinazobaki si akiba, ni sehemu ya bei, ila zinalipwa baadaye.

Kuna pia kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria humhusu muuzaji. Wauzaji wengi humsukumia mnunuzi siku ya mwisho, wakati ameshaipenda nyumba na hana tena ubavu wa kukataa. Ulizeni mapema nani analipa nini, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

2. Pima kutoka katikati ya barabara

Nenda na futi kamba. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana kando ya barabara kuu nyingi nchini utaona kuta zenye alama ya X. Nyekundu ni kwa waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani, nao hubomolewa bila fidia. Kijani ni kwa waliokutwa na nyongeza ya mita 7.5, hao wanastahili kulipwa eneo lao litakapotwaliwa, lakini siku hiyo haijui mtu.

Huna futi kamba? Hesabu hatua 45 za kawaida kutoka katikati ya lami, ndipo uanze kufikiria. Ukuta uliopakwa rangi mpya karibu na barabara uutazame mara mbili, maana rangi hufunika X. Kwa barabara ya kwenda Kiomboi na njia ndogo za ndani, usikisie. Waulize TANROADS au TARURA, kila mmoja kwa barabara yake, upana wa hifadhi ni kiasi gani.

Safu ya tatu au ya nne kutoka barabarani ndiyo hasa ya mnunuzi wa fedha ndogo. Vumbi limepungua, honi zimepungua, mtoto anaweza kucheza nje, na kituo cha basi bado unakifikia kwa miguu. Lakini usirudi nyuma hadi ukaikosa njia. Kama gari linafika kwenye kiwanja kwa kukatiza shamba la mtu, siku akipanda mahindi utabeba saruji kichwani. Njia ionekane kwenye mchoro, au mwenye shamba atie saini.

3. Usinunue uvumi

"Hapa stendi inakuja." "Hapa watajenga soko." Njia panda zote zina maneno haya, na Misigiri haina upungufu wake. Eneo hili linajua uvumi tangu zamani: Sekenke, upande wa kuelekea Shelui, ndiko Wajerumani walikoanza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na tangu hapo fununu ya mali huenda mbele ya mali yenyewe.

Dawa ni nauli ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo inayojua kama eneo limepangwa, na limepangwa kuwa nini. Kiwanja unachouziwa kama makazi kinaweza kuwa kwenye mchoro ni shule, makaburi au uwazi. Kama stendi imo kwenye mchoro, lipia stendi. Kama imo mdomoni mwa dalali tu, lipia ardhi.

4. Tembelea mara tatu

Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni mikavu. Mtu anayenunua mwezi wa nane anaona nusu ya kiwanja. Ukiweza, kione Februari au Machi. Usipoweza, soma alama ambazo mvua imeacha: mstari wa tope kwenye kuta za jirani, mizizi iliyofukuliwa, mifereji inayoelekea upande mmoja, matuta ya mawe ambayo watu wameyapanga nyuma ya nyumba zao. Hakuna anayejenga tuta bila sababu.

Chimba kidogo. Udongo wa mbuga, ule mweusi au wa kijivu unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua, huvimba na kusinyaa, na nyumba hufuata. Sehemu iliyoinuka yenye kichanga au mwamba karibu ni ngumu kuchimbia choo lakini nyumba husimama. Mjini au kijijini, bei ndogo ya kiwanja cha mbuga huja kulipwa kwenye nondo za msingi.

Safari ya pili iwe kiangazi, ukiangalia maji. Safari ya tatu iwe usiku, saa mbili au saa tatu, bila dalali. Sikiliza. Kuna baa? Kuna mashine ya kusaga? Je, unaweza kutembea kutoka kituoni peke yako? Na binti yako je?

5. Hesabu maji kwa mwaka, si kwa ndoo

Familia ya watu watano ikitumia ndoo saba za lita 20 kwa siku, hizo ni ndoo 210 kwa mwezi. Kama ndoo inaletwa kwa mkokoteni na kuuzwa Sh 200, umetumia Sh 42,000 kwa mwezi, Sh 504,000 kwa mwaka. Miaka minne tu inazidi milioni mbili. Kwa hiyo kiwanja kilicho karibu na bomba kikizidi kingine kwa milioni moja, kile cha "bei nafuu" ndicho ghali. Weka bei halisi ya ndoo ya mtaa huo, kisha zidisha mwenyewe. Waulize RUWASA au jumuiya ya watumia maji bomba linaishia wapi na kama wanapokea wateja wapya.

Mkoa wa Singida pia umo kwenye ukanda wa madini ya floraidi, hasa kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi sana utotoni, meno hupata madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Muuzaji akijivunia kisima, omba cheti cha kipimo. Kama hana, watazame vijana waliozaliwa na kukulia hapo wakicheka. Si maabara, lakini ni dalili ya kukufanya upime kabla ya kulipa.

Umeme nao una hesabu yake. Tangu Januari 2022, mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo alipangiwa Sh 320,960, wakati wa kijijini alibaki na Sh 27,000. Kwenye miji inayochipuka, swali la kuuliza TANESCO ni hili: eneo hili mnalihesabu kijiji au mji? Kisha hesabu nguzo. Kama ni nyumba iliyokwisha jengwa, angalia mita: kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na deni hukaa na mita, halimfuati aliyehama.

6. Jua ardhi iko chini ya sheria ipi

Hapa ndipo wengi huibiwa wakiwa macho. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Ardhi iliyopangwa kimji iko chini ya Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huohuo. Kituo kinachokua kama Misigiri kinaweza kuwa na sura ya mji huku ardhi ikiwa bado ya kijiji, kwa hiyo uliza kiwanja kwa kiwanja.

Kama ni ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na uhamisho wa ardhi hupita kwao. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichoridhia. Baada ya hapo fuatilia hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lako. Ukiombwa "asilimia kumi ya ofisi", omba risiti. Fedha isiyo na risiti hailindi chochote.

Kama ni kiwanja kilichopimwa, kina namba na kitalu, na mawe ya mipaka yapo. Yatafute kwa macho, yote manne. Kisha fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi, uone jina la mmiliki, muda uliobaki na kama kiwanja kimewekwa rehani benki.

7. Kiti cha mke na kiti cha jirani

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mkataba usio na saini ya mke, au ya mume kama muuzaji ni mke, ni kesi inayosubiri siku yake. Ardhi ya urithi ni hivyo hivyo: msimamizi wa mirathi aonyeshe barua ya mahakama, na warithi watie saini.

Kisha zunguka mipaka na majirani, si na muuzaji. Amkia wazee kwanza. "Shikamoo mzee. Nataka kuwa jirani yako, naomba unionyeshe mpaka wenu unapita wapi." Mzee atakupeleka hadi kwenye mnyaa wa mwisho, na njiani utasikia kama kiwanja kimewahi kuuzwa mara mbili. Majirani hao wawe mashahidi kwenye mkataba. Fedha ipite benki au kwenye simu, mahali panapobaki kumbukumbu.

8. Kiwanja kitupu au pagale?

Pagale ni njia nzuri ya mkato kama msingi ni mzima. Muuzaji mwenye haraka mara nyingi hurudisha chini ya alichotumia. Lakini kuta zilizokaa misimu mitatu ya mvua bila paa zina siri. Kwaruza tofali kwa ufunguo: la kuchoma litabaki, bichi litamwagika unga. Tazama ufa. Wima na mwembamba kwenye plasta si hoja. Unaopanda kwa ngazi kutoka kwenye msingi ni hoja kubwa. Singida ina upepo, hivyo ukipaua funga kenchi kwa nondo zilizotoka kwenye linta. Mlipe fundi asiyemjua dalali aje akague nusu siku. Ni fedha ndogo kuliko zote katika safari hii.

9. Mwishowe, weka nauli kwenye mizani

Kama kazi yako iko Kiomboi au Singida mjini, hesabu nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 22 za mwezi, uiweke kando ya kodi unayolipa sasa. Kwa wengine Misigiri itashinda. Kwa wengine, chumba na sebule Singida mjini kitakuwa nafuu zaidi, ila huko nako, siku ukitaka kununua, jihadhari na viwanja vinavyosogelea maziwa ya Kindai na Singidani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye ukingo.

Ukishamaliza hesabu zote na kiwanja kimebaki kimoja, usimpigie dalali bado. Rudi pale peke yako mwezi wa kumi, jua likiwa kali na ardhi imekauka. Msubiri mama wa kwanza atakayepita na ndoo kichwani, msalimu, umuulize ametoka nayo wapi na ametoka saa ngapi. Akinyoosha mkono na kukuonyesha bomba pale karibu, kalipe. Akicheka kwanza kabla ya kujibu, endelea kutafuta.