Kusakinisha na Kuwezesha: Istilahi za Leseni kwenye Mashine ya Akiba

Wanaounda istilahi za kompyuta hupenda kutafuta neno moja la Kiswahili kwa neno moja la kigeni. Makala haya yanaangalia mahali ambapo desturi hiyo inaleta hasara ya kweli: programu yenye leseni inapowekwa kwenye mashine ya akiba, ile inayongoja siku ya maafa.

Tuanze na mfano wa kubuni. Huko Mubi, wilayani Walikale, mtunza hesabu wa nyumba inayonunua kasiteriti ana kompyuta moja yenye programu ya hesabu iliyolipiwa. Kwa tahadhari ananakili kila kitu kwenye kompyuta ya pili iliyoko Goma. Ile ya Mubi inaharibika. Ya Goma inawashwa, programu inafunguka, faili zote zipo, kisha inagoma: ufunguo wake unaitambua mashine ya kwanza tu. Ukimuuliza, atakwambia kwamba alikwisha “kuinstale” kila kitu. Anasema kweli, na hapo ndipo tatizo la lugha lilipo. Kitenzi hicho, kilichochukuliwa kutoka Kifaransa, kinabeba mambo mawili kwa pamoja: programu kuwapo na programu kufanya kazi.

Kiswahili sanifu kina vitenzi viwili, vyote vya kauli ya kusababisha. Kusakinisha kunatokana na sakini, yaani kukaa mahali, kuishi. Ni kuifanya programu iwe mkazi. Kuwezesha kunatokana na weza. Mkazi anaweza kuwa na chumba na asiwe na ruhusa ya kufanya kazi mjini. Nakala ya Goma ilikuwa imesakinishwa, haikuwezeshwa.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi kwenye kompyuta kuu, yaani meinfremu, ambazo benki kubwa na serikali nyingi duniani hutegemea. Kila mashine ya IBM ya aina hiyo ina nambari yake ya utambulisho, na programu inaweza kuisoma kwa amri moja ya prosesa. Wauzaji wengi wa programu hutoa ufunguo unaotaja nambari hiyo, modeli ya mashine na tarehe ya mwisho. Ukihamishia diski zote kwenye mashine ya akiba, data inafika salama, lakini nambari imebadilika. Hata pale nambari inapokubaliwa, uwezo wa mashine unaweza kukataliwa: mashine ya akiba mara nyingi hulala na prosesa chache, nyingine zikiamshwa siku ya maafa tu, na zikishaamka modeli haiwi ile iliyoandikwa kwenye ufunguo. IBM huuza haki ya kuamsha prosesa hizo, kwa kawaida siku 10 kwa jaribio na siku 90 kwa maafa yenyewe. Lakini haki hiyo ni ya prosesa. Programu za wauzaji wengine zina mikataba yao, na kila mmoja aombwe ufunguo wake mapema. Anayesubiri siku ya moto ndipo apige simu atakuta ofisi ya muuzaji imefungwa kwa wikendi.

Kwa hiyo neno “maafa” katika istilahi hii si pambo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na mtaa wa biashara. Januari 2025 vita viliingia mjini humo na benki zikafunga. Machi mwaka huohuo mapigano yalipokaribia, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wa Bisie, jirani na Mubi, na kuondoa wafanyakazi. Akiba ya Mubi iliyowekwa Goma ingekumbwa na shida ileile ya eneo moja, afadhali Kisangani.

Neno gumu kuliko yote ni leseni. Tanzania na Kenya linaeleweka mara moja, kwa sababu dereva analo mfukoni. Kongo, msomi akisikia “lisansi” anafikiria shahada ya chuo kikuu, na karatasi ya dereva huitwa permi. Mwongozo unaosema “hakikisha mashine ya pili ina leseni” unaweza kumfanya mtu wa Mubi ajiulize mashine imesoma wapi. Kibali kingefaa zaidi, ingawa huko kaskazini, Haut-Uele, Kibali ni mto na mgodi wa dhahabu. Napendekeza “kibali cha kuendesha”: ni maneno mengi, lakini yanasema ni kibali cha kufanya nini, jambo ambalo leseni peke yake hailisemi.

Kwa vitenzi hivi, karatasi ya mtunza hesabu ingeandikwa hivi: “Programu imesakinishwa pia kwenye mashine ya Kisangani. Haijawezeshwa. Ufunguo wa mashine hiyo, wenye nambari yake na si nambari ya Mubi, umeandikwa kwenye karatasi iliyo katika bahasha Kisangani. Unaisha Desemba. Uombwe upya Oktoba, ujaribiwe siku hiyohiyo unapofika.”